Kibao Kipya, Nyumba Ileile

Nilizaliwa hospitali ya Ndanda, kusini mwa Tanzania, mahali ambapo Wabenediktini wameishi tangu mwaka 1906. Kwa hiyo watawa wa shirika hilo si wageni kwangu. Kengele yao ilitupangia siku, hospitali yao ilitutibu, na vitabu vilivyochapwa kwenye kiwanda chao shangazi yangu alivitunza katika sanduku la bati pamoja na khanga zake mpya. Nasema haya mapema ili asije mtu akadhani nina ugomvi na watawa. Sina. Ugomvi wangu ni na sentensi moja.

Sentensi yenyewe niliisikia Lisbon, nikiwa nimesimama chini ya ngazi za jengo la bunge la Ureno, Palácio de São Bento, pamoja na wenzangu wa kozi fupi. Mmoja wao, kijana mwema tu aliyetaka nielewe ninachokitazama, aliniambia: "Zamani hapa palikuwa nyumba ya sala, leo ni nyumba ya wananchi." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ni sentensi tamu. Inaanza na Mungu, inaishia na watu, na katikati hakuna kitu.

Hicho kisichokuwepo katikati ndicho ninachotaka kukiandika. Kwa sababu kati ya watawa wa mwisho na wabunge wa leo ipo karibu miaka mia mbili, na ndani ya miaka hiyo nyumba ile ilifika hadi kwetu. Haikuja kwa miguu. Ilikuja kwa karatasi.

Tuanze na kuta zenyewe. Mwaka 1598 Wabenediktini wa Ureno, ambao tayari walikuwa na nyumba nyingine mjini Lisbon, walianza kujenga monasteri kubwa zaidi kwa ramani ya msanifu Baltazar Álvares. Eneo walilolichukua lilikuwa limetumika kuwatenga wagonjwa wa tauni, ndiyo maana monasteri ikaitwa São Bento da Saúde, yaani Mtakatifu Benedikto wa Afya. Msingi wa kwanza wa nyumba hii, basi, ni watu waliotengwa ili wengine wapone. Sijalitunga hilo. Limo ndani ya jina.

Sisi tuliokulia karibu na Ndanda tuliyajua maneno ya Wabenediktini kabla hatujajua Kilatini ni kitu gani: sali na ufanye kazi. Mbele ya nyumba kubwa namna ile, swali la haki ni hili: kazi ya nani? Monasteri za Wabenediktini wa Brazil zilikuwa chini ya shirika la Ureno, lenye makao yake makuu Tibães, hadi mwaka 1827. Zilikuwa na mashamba ya miwa, na kwenye mashamba kulikuwa na watumwa, Waafrika na wazao wao, kwa maelfu. Wabenediktini wa Brazil waliwaacha huru mwaka 1871. Sisemi kwamba kila jiwe la São Bento lilitoka kwenye miwa. Nasema kwamba shirika lililosali pale lilikuwa na watu ng'ambo ya bahari waliolifanyia kazi bila ujira na bila hiari, na watu hao hawaingii katika maneno "nyumba ya sala". Sala ilikuwepo, ndiyo. Na wao walikuwepo.

Kisha likaja tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Lisbon ikaanguka, ikaungua, ikafunikwa na maji. Mnara uliokuwa unahifadhi nyaraka za ufalme, Torre do Tombo, ukabomoka. Mwaka 1757 nyaraka zikahamishiwa São Bento. Zilikaa humo hadi mwaka 1990. Hesabu mwenyewe: miaka 233. Watawa waliondoka, wafalme waliondoka, jamhuri ikaja, udikteta ukaja na kuondoka, na makaratasi yalikuwa bado palepale. Miongoni mwake zimo barua za Kiarabu za karne ya 16 zilizotoka pwani yetu, Malindi ikiwemo. Mswahili aliyetaka kusoma babu zake walimwandikia nini mfalme wa Ureno, ilimpasa abishe hodi kwenye nyumba hii. Kwa hiyo hata kabla bunge halijahamia humo, monasteri ilikuwa imeshageuka kabati la himaya.

Mwaka 1834 ndio mwaka unaopendwa na wapenzi wa sentensi ile. Ureno ilikuwa imetoka kwenye vita vya ndugu wawili, Pedro na Miguel, mmoja akiwa upande wa katiba na mwingine upande wa ufalme usiohojiwa. Sehemu kubwa ya mashirika ya watawa ilionekana kumuunga mkono Miguel, na Miguel alishindwa. Tarehe 30 Mei 1834 ikatolewa amri, iliyoandaliwa na waziri Joaquim António de Aguiar, iliyofunga nyumba zote za watawa wa kiume na kutaifisha mali zao. Watu wakambatiza waziri huyo Mata-Frades, muua watawa. São Bento ilikuwa imeshateuliwa kuwa makao ya bunge tangu mwaka uliotangulia, na mwaka huohuo wa 1834 wabunge wakaketi katika ukumbi uliochorwa na Possidónio da Silva ndani ya kuta za monasteri.

Masista hawakufukuzwa siku ile. Walikatazwa kupokea wanovisi wapya, kisha dola ikakaa mlangoni ikisubiri bibi kizee wa mwisho afariki ndipo ichukue nyumba. Ninapowaza juu ya mapinduzi hayo ya uhuru, huwa siwazi hotuba. Namwaza sista mmoja mwenye miaka themanini, anasikia kikohozi chake mwenyewe, na anajua kwamba nje kuna karani anayekisikia pia.

Na mali zilizotaifishwa zikaenda wapi? Mashamba na nyumba ziliuzwa kama mali za taifa, na mwenye kununua ni mwenye fedha. Sehemu kubwa iliangukia mikononi mwa matajiri wa siasa mpya, wengine wakapewa na vyeo vya ubaroni juu yake. Mkulima aliyekuwa akitoa sehemu ya mavuno kwa abati akaendelea kuitoa kwa mwenye shamba mpya. Kwake yeye nyumba ya sala na nyumba ya wananchi zilikuwa na mlango uleule, mlango wa kuingizia magunia.

Baada ya hapo sheria zikaanza kutoka Lisbon kuja huku. Tarehe 10 Desemba 1836 serikali ya Sá da Bandeira ilitoa amri ya kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kutoka makoloni ya Ureno. Msumbiji, gavana akaisimamisha amri hiyo, na majahazi na meli zikaendelea kupakia watu. Mwaka 1869 utumwa ukafutwa katika himaya yote, lakini waliofutiwa utumwa wakapewa jina jipya, "walioachwa huru", na kulazimika kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa miaka kadhaa. Mwaka 1899 ikaja kanuni ya kazi kwa wenyeji, iliyosema kwamba mwenyeji ana wajibu wa kimaadili na wa kisheria wa kufanya kazi, na asipoutimiza mwenyewe, dola itamlazimisha. Mtumwa, mwachwa-huru, mwenyeji mwenye wajibu. Majina matatu, jembe lilelile.

Hapa ndipo nilipoanza kuona ufundi wa nyumba ile. Ukumbi wa wabunge uliungua mwaka 1895. Msanifu Miguel Ventura Terra akaujenga upya, ukafunguliwa mwaka 1903, naye ndiye aliyeipa nyumba uso wa nguzo kubwa unaouona leo, uso wa kihekalu cha kale, ili mpita njia asahau kwamba nyuma yake kuna vyumba vya watawa. Kubadili uso, kubadili jina, kubakisha kiini. Nyumba ilifanyiwa hivyo na wasanifu. Nasi tulifanyiwa hivyo na nyumba.

António de Oliveira Salazar, aliyesoma seminari kabla ya kuwa profesa wa uchumi na kisha dikteta, hakulivunja bunge. Dikteta mwerevu havunji bunge, analiita. Mwaka 1935 Bunge la Taifa la utawala wake lilianza vikao ndani ya São Bento, wabunge wote wakiwa wa chama kimoja, chake. Mwaka 1938 yeye mwenyewe akahamia nyumba iliyo nyuma ya jengo, kwenye ardhi iliyokuwa bustani ya monasteri. Humo alifuga kuku, na humo aliishi kwa kubana matumizi kama mtawa, jambo ambalo hadi leo kuna watu wanalitaja kama fadhila. Mimi silioni hivyo. Mtu anayekula kidogo huku akiamua nani afe njaa si mtawa.

Mwaka 1951 bunge lile likafanya kazi yake iliyo kubwa kuliko zote kwa upande wetu. Dunia ilikuwa imeanza kuuliza maswali juu ya makoloni. India ilikuwa huru, Indonesia ilikuwa huru. Basi wabunge wa São Bento wakarekebisha katiba, na neno "makoloni" likaondolewa. Kuanzia hapo Msumbiji, Angola na nyingine zikaitwa "majimbo ya ng'ambo". Ureno haikuwa tena na makoloni! Ilikuwa nchi moja, ndefu kidogo, yenye bahari katikati. Ilipoingia Umoja wa Mataifa mwaka 1955 na kuulizwa kama ina maeneo yasiyojitawala, ikajibu kwamba haina, ina majimbo tu. Na wenyeji wa majimbo hayo je? Sheria iliyowatenga kama watu wasio raia kamili iliendelea hadi mwaka 1961. Miaka kumi nzima mtu wa Cabo Delgado aliishi katika jimbo la Ureno bila kuwa Mreno.

Jimbo hilo linaonekana kutoka nyumbani kwa babu yangu. Babu mzaa mama alikuwa mkulima wa korosho Newala. Ukitoka kwake ukasogea hadi Shimo la Mungu, pale uwanda wa juu unapokatika ghafla, unaliona bonde la Ruvuma limelala chini, na ng'ambo ya bonde ni Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili. Mpaka ulipita katikati ya koo, na mtu aliweza kuwa na shemeji kwa Mwingereza na mjomba kwa Mreno.

Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda, mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno, kusikiliza jibu la madai yao. Walikuwa wanadai mambo ambayo raia wa jimbo lolote angeyadai: waruhusiwe kurudi na kukaa kwao, walime na kuuza kwa bei ya haki, wasisukumwe kazini kwa nguvu. Gavana alifika. Viongozi wao walikamatwa mbele ya macho yao, watu wakapiga kelele, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Frelimo imekuwa ikisema ni zaidi ya 600, watafiti wengine wametaja idadi ndogo zaidi. Kwa hoja yangu inatosha kwamba waliokufa walikuwa, kwa mujibu wa São Bento, ndani ya Ureno.

Walionusurika walivuka mto. Baadhi yao walifika uani kwa babu. Nilipokuwa kidato cha pili nilimuuliza, kwa kiherehere cha mtoto aliyesoma historia juzi: "Babu, kwa nini watu wote wale walikuwa wanawaogopa Wareno, na wao walikuwa wengi zaidi?"

Akacheka kidogo. "Mjukuu wangu, Mreno hakuwa anakuja na bunduki kwanza. Anakuja na karatasi. Karatasi ikikataliwa, ndipo bunduki."

Nilidhani anazungumzia risiti za kodi. Miaka mingi baadaye, chini ya zile ngazi za Lisbon, nikaelewa kwamba babu alikuwa ananieleza utaratibu wa bunge.

Najua jibu linalokuja. Utaniambia: lakini nyumba ilikombolewa. Tarehe 25 Aprili 1974 udikteta uliangushwa, mwaka 1975 likachaguliwa Bunge la Katiba, na tarehe 2 Aprili 1976, ndani ya São Bento hiyohiyo, ikapitishwa katiba ambayo inatambua haki ya watu wote kujitawala na kuwa huru. Ni kweli, na naiheshimu siku hiyo. Novemba 1975 wafanyakazi wa ujenzi waliuzingira mjengo ule na kuwafungia wabunge ndani usiku kucha wakidai mishahara. Sijui kama kuna bunge barani kwetu ambalo mafundi wamewahi kulifanyia hivyo wakarudi nyumbani salama.

Lakini tuweke mambo kwa mfuatano wake. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vilianza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Vijana walipita Kongwa na Nachingwea, na vijiji vyetu vya kusini viliishi na ndege za Kireno juu ya mapaa. Ni vita hivyo, pamoja na vya Angola na Guinea-Bissau, vilivyowachosha maofisa vijana wa jeshi la Ureno hadi wakageuza mitutu kuelekea Lisbon. Makubaliano ya uhuru yalitiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, wakati São Bento haina hata mbunge mmoja aliyechaguliwa kwa haki. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975, katiba ya Ureno ikiwa bado haijakamilika. Wanaosema nyumba ya wananchi ilileta uhuru wamegeuza mkia kuwa kichwa. Sisi ndio tuliosaidia kuwapa bunge. Kama kuna deni la shukrani, linavuka bahari kwenda upande mwingine.

Sasa toka nami kwenye jengo, shuka kidogo kwa miguu. Karibu kabisa na bunge kuna mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, Mtaa wa Shimo la Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliiandikia halmashauri ya Lisbon kuagiza lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zinatupwa ovyo na kuliwa na mbwa. Maelezo ya kawaida ya jina la mtaa ni hilo. Lakini yapo maelezo ya pili: kwamba "weusi" wanaotajwa ni Wabenediktini wa São Bento, waliovaa kanzu nyeusi, na kwamba shimo lilikuwa kisima chao cha maji.

Nilipolisikia hilo la pili nilisimama. Mimi ni mtu wa Shimo la Mungu. Nazijua kanzu nyeusi za Wabenediktini tangu sijaota meno ya utu uzima. Nilitaka sana liwe kweli. Wanazuoni waendelee kubishana juu ya asili ya jina. Barua ya mfalme ipo, na shimo liliagizwa. Ila ona jinsi maelezo ya pili yanavyofanya kazi. Yanachukua neno lenye maiti ndani yake na kulivalisha kanzu. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyefuta kibao. Mtaa unabaki na jina lake, na waliomo ndani ya jina wanaondolewa.

Rudi ndani ya bunge. Katika ukumbi wa heshima, Salão Nobre, kuta zimepambwa kwa michoro mikubwa ya miaka ya 1940, iliyobuniwa na Adriano de Sousa Lopes na kukamilishwa na wengine baada ya kifo chake. Imechorwa Ceuta ikitwaliwa. Amechorwa Diogo Cão kwenye mdomo wa Mto Kongo. Amechorwa Vasco da Gama mbele ya mtawala wa Calicut, bila neno juu ya rubani aliyempata Malindi, ambaye bila yeye angezunguka baharini kama nzi kwenye sufuria. Kilwa haimo, ile Kilwa iliyoporwa Julai 1505. Mombasa iliyochomwa moto Agosti ya mwaka huohuo haimo. Utasema michoro ni ya zama za Salazar. Sawa. Lakini Salazar hakuwapokea wageni wa mwaka jana katika ukumbi ule.

Na maneno je? Mwaka 2019 waliingia katika bunge lile wanawake watatu wenye asili ya Afrika: Joacine Katar Moreira, Beatriz Gomes Dias na Romualda Fernandes. Januari 2020 Katar Moreira, aliyezaliwa Guinea-Bissau, alipendekeza vitu vya urithi vilivyoko katika makumbusho ya Ureno virudishwe katika nchi vilikotoka. Mbunge André Ventura akaandika mtandaoni kwamba arudishwe yeye mwenyewe nchini kwake. Chama cha Ventura, Chega, wakati huo kilikuwa na kiti kimoja. Katika uchaguzi wa Mei 2025 kilipata viti 60, kikawa cha pili kwa wingi wa viti. Tazama hesabu ya kile kisichokuwepo katikati ya sentensi. Ukiacha nafasi wazi kwenye historia, haikai wazi. Inapangishwa.

Kuna hoja moja ya kweli dhidi yangu, nami siwezi kuikwepa. Kuta hazina hatia. Jiwe halikumpiga mtu Mueda. Na wewe mwenye kidole kirefu hivyo, nyumbani kwako kukoje?

Nyumbani kwangu mpaka leo tunasema "naenda bomani" tukimaanisha ofisi za serikali. Boma ni ngome. Tulilijua hivyo kwa sababu Mjerumani aliiweka serikali yake ndani ya ngome, na tulipopata uhuru tukaingia ndani ya ngome ileile, tukabandika picha nyingine ukutani, na mwananchi akaendelea kusubiri nje juani. Ikulu ya Dar es Salaam imesimama pale alipokaa gavana wa Kijerumani. Waingereza waliipiga mizinga mwaka 1914, wakaijenga upya mwaka 1922 na kukaa, kisha tukakaa sisi. Katika Kisiwa cha Msumbiji, chuo cha Wajesuiti kiligeuzwa kuwa jumba la gavana baada ya wao kufukuzwa mwaka 1759. Wareno walitufundisha hesabu hiyo mapema, na sisi hatukuwa wanafunzi wabaya.

Na sheria? Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujamaliza hata mwaka, bunge letu lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Tume ya Jaji Nyalali ilipotoa ripoti yake, miaka thelathini baadaye, ilizitaja sheria 40 zinazokandamiza haki za watu, hiyo ikiwemo, pamoja na nyingine tulizorithi kwa Mwingereza. Sisi pia tuna sentensi yetu tamu: zamani palikuwa kwa mkoloni, leo ni kwetu. Na katikati hakuna kitu.

Kwa hiyo sidai São Bento ibomolewe, wala watawa warudishwe. Watu waliozoea kuhama kwenye nyumba za mabwana bila kuzisafisha hawana haki ya kudai ubomoaji kwa jirani. Nadai kitu kidogo kinachogharimu zaidi. Nadai sentensi irefushwe. Anayesema "nyumba ya sala" aseme na mashamba ya Brazil. Anayesema 1834 aseme nani alinunua. Kwenye Salão Nobre, chini ya michoro ileile, bila kuigusa, iandikwe 1505 na majina Kilwa na Mombasa, na iandikwe 16 Juni 1960, Mueda, kwa herufi ambazo mgeni wa heshima hawezi kuzipita akidhani ni pambo. Mwaka 1951 lile bunge lilipiga kura kuifuta koloni kwa neno; lipige kura nyingine kulirudisha neno mahali pake, kwenye historia.

Na huku kwetu, siku utakapokwenda bomani kufuata cheti cha kuzaliwa, uliza jengo lilijengwa na nani, nani alifungwa humo, nani alichapwa viboko uani. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Karani atakutazama vibaya. Vumilia.

Babu alifariki kabla sijasafiri. Hakuwahi kulisikia jina São Bento, ingawa karatasi za São Bento zilimletea wageni uani kwake kwa miaka kumi na minne, na aligawana nao muhogo na mikeka. Niliporudi kutoka Lisbon nilimwambia bibi habari za nyumba ile, tangu tauni hadi nguzo, naye alinisikiliza hadi mwisho huku akimenya korosho. Kisha akauliza swali moja, ambalo sikulisikia kutoka kwa mtu yeyote wa kozi yetu.

"Na hao waliotupwa kwenye shimo, kuna aliyewaombea?"

Sikuwa na la kumjibu. Akaweka kisu chini, akajifunga khanga vizuri, akawaombea.